Ofisi Iliyopimwa kwa Stakabadhi

Tangazo lenyewe lilikuwa la aya mbili. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wadi yetu katikati ya Mei 2023, likaanza kujikunja pembeni kwa unyevu wa masika kabla nusu ya kijiji hakijalisoma, na lilisema kwamba kuanzia tarehe 1 Julai huduma zote zilizokuwa zikitolewa hapo "zitaunganishwa" na zile za makao makuu ya kaunti ndogo. Neno "kufungwa" halikuwamo. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 28, na nadhani ni mazoea hayo ya kusahihisha yaliyonifanya nisimame pale mlangoni nikikitafuta kitenzi kilichofichwa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu hakuhitaji sarufi. "Wanafunga, mwalimu," alisema, "ila wanaona haya kusema."

Sitaitaja kaunti wala wadi, kwa kuwa wengi wa waliohusika wangali kazini na baadhi yao ni watu niliowafundisha kusoma. Inatosha kusema kwamba ni pwani ya Kenya, sehemu iliyoingia bara kidogo, minazi na mikorosho upande mmoja na malisho ya ng'ombe upande wa pili, na kwamba kutoka kwetu hadi makao makuu ya kaunti ndogo ni kilomita 38. Wakati huo nauli ya bodaboda hadi njia panda ilikuwa shilingi 200 na matatu kutoka hapo shilingi 150, kwa hivyo kwenda na kurudi kulimgharimu mtu shilingi 700 kabla hajanywa chai. Masika yakikolea, bodaboda haipiti mahali pawili, na bei huwa ni ile atakayoitaja mwenye pikipiki.

Jengo hilo wazee hadi leo wanaliita kanseli. Lilijengwa enzi za halmashauri ya zamani, mojawapo ya mamlaka 175 za serikali za mitaa zilizofikia kikomo baada ya uchaguzi wa Machi 2013, wakati ugatuzi ulipoanza kutekelezwa na kaunti 47 zikachukua nafasi yao. Lina vyumba vitatu na kibaraza cha mbele chenye benchi la saruji. Chumba cha kwanza kilikuwa cha karani wa mapato, cha pili cha msimamizi wa wadi, na cha tatu waligawana afisa wa mifugo na bwana shamba, ambao kutwa walikuwa nje kwa watu, jambo ambalo ndilo kazi yao. Hapo ndipo mwenye duka alipopata leseni ya biashara, mama wa sokoni alipolalamikia ushuru, mzazi alipochukua fomu ya basari, na mwenye ploti alipouliza kodi yake imefikia wapi. Hapo pia ndipo mfugaji alipopata kibali cha kupeleka ng'ombe wake mnadani, na asiyeishi na mifugo huenda asijue uzito wa karatasi hiyo: lori likisimamishwa njiani na kibali kikakosekana, mwenye mali hana la kusema ila kutia mkono mfukoni.

Nikiri jambo moja mapema, kwa sababu lilinisumbua katika harakati zote zilizofuata. Mimi mwenyewe sikuwa nimeingia katika ofisi hiyo kwa takriban miaka miwili. Kodi ya ploti yangu hulipwa na mwanangu kwa simu akiwa Mombasa, na leseni ya kiduka cha mke wangu ilikuwa ikilipwa vivyo hivyo. Kila siku nilipita mbele ya lile benchi nikienda msikitini, nikawasalimu waliokaa, nisijiulize wanangoja nini. Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kupinga, nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko, wala si kwa sababu nilikuwa mtumiaji wa ofisi.

Hatua yetu ya kwanza ilikuwa ya hasira. Watu 11 tulichanga nauli, tukakodi matatu nzima, tukaenda makao makuu bila miadi. Tulipokewa na afisa mpole mno, aliyetuagizia soda, akatusikiliza mmoja baada ya mwingine hadi tulipochoka, kisha akatuambia kwamba Katiba yenyewe, katika ibara ya 176, inazitaka kaunti zigatue huduma kwa kadiri inavyowezekana na kwa ufanisi, na kwamba ofisi isiyo na wateja si ufanisi. Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu akasema kura zetu wataziona mwaka 2027, mwingine akagonga meza, na mimi, nikiwa katibu, nikajikuta sina hata tarakimu moja ya kuandika. Afisa aliandika katika shajara yake kwamba wakazi hawakuridhika. Hicho ndicho kilichobaki cha safari ya siku nzima, pamoja na chupa za soda.

Usiku huo niliisoma hiyo ibara, na zile zinazoizunguka. Ibara ya 174 inataja, miongoni mwa malengo ya ugatuzi, kuwapelekea watu huduma zilizo karibu na zinazofikika kwa urahisi kote nchini. Afisa alikuwa ametusomea masharti akaacha lengo. Hata hivyo sikuweza kumlaumu kwamba alidanganya: maneno ya ufanisi na uwezekano yamo kweli, na yeyote atakayepinga kufungwa kwa ofisi ya kaunti kwa kutegemea Katiba peke yake atakutana nayo. Tulihitaji kuonyesha kwamba ofisi yetu ilikuwa na ufanisi, na hatukujua hata kaunti ilikuwa imeupimaje.

Jambo la pili tulilolijua kwa kuchelewa ni kalenda. Uamuzi haukuwa umefanywa Mei. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, serikali ya kaunti huwasilisha mwelekeo wake wa matumizi kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Kuunganishwa kwa ofisi ndogo kulikuwa kumetajwa Februari, katika mstari mmoja wa waraka mrefu, na kikao cha maoni ya umma kuhusu waraka huo kilifanyika makao makuu siku ya Alhamisi asubuhi. Kutoka kwetu hakwenda mtu. Tangazo la kikao lilikuwa limebandikwa, nikaambiwa, kwenye mlango uleule wa kanseli ambao mimi nilikuwa nikiupita bila kuutazama.

Baada ya hapo tukaacha kuchanga nauli, tukaanza kuandika. Kenya ina Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba habari kwa afisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Sikuwa nimewahi kumwona mtu yeyote kwetu akiitumia. Niliandika maswali manne, kila moja katika mstari wake, bila shutuma na bila kivumishi: ofisi ilihudumia watu wangapi katika mwaka uliopita, idadi hiyo ilipatikanaje, kuifunga kungeokoa kiasi gani cha fedha, na ni nani aliyeulizwa kabla ya uamuzi. Nakala moja niliipeleka kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman, si kwa kushtaki bali ili mpokeaji aione anwani hiyo chini ya barua. Jibu lilikuja siku ya ishirini.

Lilikuwa ukurasa mmoja. Swali la nne halikujibiwa. La kwanza lilijibiwa hivi: stakabadhi 143 kwa mwaka mzima. Nilimpelekea karani karatasi hiyo akaisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwalimu," alisema, "mimi stakabadhi naandika ya nani siku hizi?" Akanieleza jambo ambalo lingepaswa kuwa wazi kwa kila mtu. Tangu kaunti ihamishie malipo kwenye simu, mteja huja ofisini, akaketi mbele yake, karani akamkadiria deni lake, akamwandikia nambari ya malipo na nambari ya akaunti, mara nyingi akabonyeza mwenyewe kwa simu ya mteja, kisha pesa zikaingia moja kwa moja katika akaunti ya makao makuu na risiti ikaja kwa ujumbe mfupi. Kazi yote imefanyika katika chumba chake. Hesabu inaonekana makao makuu. Kila mteja aliyemfundisha kulipa kwa simu alikuwa amemwondoa katika orodha ya wateja wa ofisi. Stakabadhi 143 zilikuwa za wale walioleta pesa taslimu, siku ambazo mtandao haukuwapo.

Nilipotoka hapo nilijua tumepata hoja, na nilijua pia kwamba hoja hiyo haitoshi. Fomu ya basari haina stakabadhi. Ugomvi wa mpaka wa meza mbili sokoni, unaomalizwa na msimamizi wa wadi kwa kwenda kutazama na kusema neno, hauna stakabadhi. Bwana shamba anayemwambia mtu kwamba mkorosho wake una ubwiri unga na auendee vipi hakati risiti. Ofisi ilikuwa imepimwa kwa pesa zilizopita juu ya meza, ilhali sisi tuliihitaji zaidi kwa mambo yasiyolipiwa.

Tukanunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila siku ya kazi, kwa wiki tatu za Juni, mwanakamati mmoja aliketi kwenye benchi la saruji tangu mlango ulipofunguliwa hadi ulipofungwa, akiandika kwa kila aliyekuja: ametoka kijiji gani, ametaka nini, amepata au hakupata, na iwapo ofisi isingekuwapo angefanyaje. Majina hatukuandika. Kina mama wa kikundi cha akiba ndio waliokuwa makini kuliko wote. Vijana waliandika "shida ya kibinafsi" pale walipoona uvivu wa kuuliza, ikabidi nikae nao niwaeleze upya. Safu ya mwisho ndiyo iliyotufundisha mengi. Watu hawakuandikisha "ningekwenda makao makuu" mara nyingi kama nilivyodhani. Waliandikisha "ningeacha", "ningemtuma mtu", "ningempa fulani anitengenezee". Hilo la mwisho lilirudi tena na tena, hasa kwa wafugaji, na mwenye akili alielewa ni kutengenezewa kwa namna gani.

Mwisho wa wiki tatu tulikuwa na watu 231 katika siku 15, na kati yao 19 tu ndio waliokatiwa stakabadhi. Lakini daftari hilohilo lilionyesha kwamba watu 64 walikuwa wamerudi mikono mitupu, kwa kuwa afisa waliyemtaka hakuwapo, au fomu zilikuwa zimekwisha, au mtandao ulikuwa chini. Bwana shamba alikuwa amehamishwa tangu mwaka uliotangulia na hakuletwa mwingine. Saa za karani zilikuwa zimepunguzwa. Ofisi ilikuwa imeanza kufungwa polepole, na tangazo la Mei lilikuja kutia kufuli tu.

Hapo kamati iligawanyika. Wenzangu kadhaa walitaka wale 64 waondolewe katika hesabu, wakisema tukiwaonyesha tutakuwa tumempa adui panga: si mnaona ofisi yenyewe haifanyi kazi? Wengine, na mimi nikiwamo, tulisema kwamba tukificha safu moja daftari zima litakuwa la uongo, na kwamba hao 64 ndio ushahidi wa namna ofisi inavyonyimwa chakula kisha ikalaumiwa kwa kukonda. Tulibishana hadi isha. Hatimaye mzee mmoja, mfugaji asiyejua kuandika, aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Na wakija wao wenyewe kukaa kwenye benchi siku moja, wataona nini?" Safu ikabaki.

Kabla ya mwezi kwisha kaunti ilimtuma afisa aje kuzungumza nasi, jambo ambalo kwa haki niseme hawakulazimika kulifanya wakati ule. Baraza lilikuwa chini ya mkwaju ulio mbele ya kanseli. Afisa alikuwa kijana msomi, mwenye maneno mazuri kuhusu huduma za kidijitali, na hakuwa akizua: nchi nzima ilikuwa ikielekea huko, na siku chache baadaye, tarehe 30 Juni, serikali ya kitaifa ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen. Akatuuliza ni nani hapo asiye na simu. Mikono haikuinuka, kwa kuwa hata vikongwe wetu wana simu. "Basi," alisema akitabasamu, "ofisi mnayo mfukoni."

Watu wengine walicheka, na nilihisi baraza likiteleza kutoka mikononi mwetu. Kisha bibi mmoja muuza mahamri, jirani yangu, akainuka polepole, akafungua fundo la leso yake, akatoa simu kabambe yake ndogo iliyofungwa mpira wa sindano ili betri isidondoke, akaenda nayo hadi mbele. "Haya mwanangu," alisema, "nionyeshe hiyo ofisi. Nataka leseni ya meza yangu."

Alisema bila kejeli hata kidogo. Afisa aliipokea simu kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akaanza kubonyeza. Simu haikuwa na intaneti. Akatoa yake mwenyewe, ya skrini kubwa, akasogea hatua kumi upande wa barabara akitafuta mtandao, akarudi, akamwuliza bibi anwani yake ya baruapepe. Bibi akamwuliza ndiyo ipi hiyo. Afisa akasema angeweza kumfungulia moja. Ilihitaji neno la siri. Bibi akasema siri zake hampi mwanamume mbele za watu, na baraza zima likaangua kicheko, na afisa naye akacheka, na nadhani ni hapo ndipo alipoanza kuwa upande wetu, ingawa hakusema. Dakika zilipita, leseni haikupatikana. Karani, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake muda wote huo, akamwambia bibi aingie ndani amsaidie.

Tukio hilo lilisimuliwa sana baadaye, na kila linaposimuliwa simu ya bibi huzidi kuwa ya zamani. Mimi huwa naongeza jambo ambalo wasimuliaji wanaliacha: kwamba nusu ya watu waliokuwa pale, nami nikiwamo, kweli tulikuwa na ofisi mfukoni. Simu ilikuwa imetuondoa sisi kwenye benchi, na kwa kuondoka kwetu tukawaacha waliobaki bila mtu wa kupaza sauti. Kama mwenye duka kubwa na mwalimu mstaafu wangekuwa bado wanapanga foleni pale, sidhani bwana shamba angehamishwa mwaka mzima bila swali.

Ardhilhali yetu kwa bunge la kaunti niliiandika mara mbili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo chini ya mamlaka yake, na niliamini kwamba kwa kuwa nimeandika kwa ufasaha kazi imekwisha. Ilirudishwa. Haikueleza ni juhudi gani tulizokuwa tumefanya kabla ya kuja bungeni, wala haikusema kama suala hilo lilikuwa mbele ya mahakama yoyote. Na kurasa mbili za saini hazikuwa na maelezo ya ombi juu yake, kwa hivyo zingeweza kuwa saini za jambo lolote. Nilikasirika, kisha nikakumbuka insha nilizowarudishia wanafunzi kwa makosa madogo kuliko hayo. Mara ya pili tulibandika jibu la ukurasa mmoja la kaunti, jedwali la daftari letu, na barua zote tulizoandika. Kila ukurasa wa saini na alama za vidole ulikuwa na ombi lenyewe juu. Sikutumia methali hata moja, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa saumu.

Lakini tarehe 1 Julai haikungoja. Kufuli ilitiwa, karani akahamishiwa makao makuu, na kwa miezi mitatu tukaonja tulichokuwa tukikiogopa. Katika mwezi wa Agosti nilimsindikiza jirani, mjane, kwenda kupata barua ya kuonyesha kwamba ploti ya marehemu mumewe haina deni. Tulifika saa tatu asubuhi, tukaambiwa mtandao uko chini. Tukakaa hadi saa nane, tukaambiwa turudi kesho. Alikuwa na shilingi 700 za kuja mara moja. Niliposema nitamlipia nauli ya kesho alikataa, akasema deni la nauli ni deni kama lile la ploti. Barua hiyo aliipata mwezi uliofuata, kupitia kwa kijana anayefanya kazi ya kuwapangia watu foleni. Sikumwuliza alilipa ngapi.

Kamati ya bunge la kaunti ilikuja mwishoni mwa mwezi huohuo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, hawakuitaka. Mwanachama mmoja aliomba daftari, akalipekua ukurasa hadi ukurasa huku wenzake wakizungumza, akasimama kwenye ile safu ya waliorudi mikono mitupu. "Hawa mmewaandika wenyewe?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu walikuja. Hakuuliza zaidi, lakini maswali aliyomwelekezea afisa wa kaunti baada ya hapo yalikuwa yote juu ya safu hiyo: bwana shamba yuko wapi, fomu huletwa kila baada ya muda gani, nani aliyepunguza saa. Wenzangu waliotaka safu iondolewe hawakunitazama usoni, nami sikuwatazama, kwa kuwa hatukuwa na hakika yoyote siku ile ya ubishi, sisi wala wao.

Tulichopata hakikuwa tulichoomba. Ofisi ilifunguliwa tena Oktoba, kwa siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumatano, ikiwa na karani na afisa wa mifugo. Msimamizi wa wadi huja anapoweza. Bwana shamba hakurudi, na wenye mikorosho wanaendelea kuulizana wenyewe. Kwenye mkutano wa kutoa taarifa baadhi ya watu walisema tumeshinda na wakataka kuku achinjwe. Wengine walisema tumeuziwa siku mbili kwa bei ya tano. Niliandika kauli zote mbili katika kumbukumbu za mkutano. Kwa upande wangu, siku mbili zinazojulikana nimeziona zina manufaa kuliko tano za kubahatisha tulizokuwa nazo mwanzoni mwa mwaka, lakini sisemi hivyo mbele ya mfugaji ambaye mnada wake ni Ijumaa na kibali chake humpasa akikate siku moja kabla.

Tuliomba jambo moja ambalo tulipewa bila mabishano, labda kwa sababu halikuonekana kuwa na gharama: kwamba ofisi iwe na daftari lake rasmi la wageni, linaloandikwa kila ajaye, awe amelipa au hakulipa, amehudumiwa au hakuhudumiwa, na kwamba nakala ya jumla ya kila mwezi ipelekwe pamoja na hesabu ya mapato. Mwezi wa Novemba mvua za El Niño zilipokata barabara yetu kwa zaidi ya wiki, na makao makuu yakawa mbali kama Nairobi, karani alilala kwa jamaa zake hapa kijijini na akafungua mlango kila siku bila kuagizwa. Kurasa za siku hizo ndizo zilizojaa kuliko zote, na mwandiko wake umesinyaa ili watu watoshe.

Februari iliyofuata wanakamati watatu walikwenda kwenye kikao cha mwelekeo wa bajeti. Mimi sikwenda, mguu ulikuwa ukiniuma. Badala yake niliingia kanseli siku ya Jumatano, nikiwa sina shida yoyote, nikamsalimu karani na kugeuka ili niondoke. Aliniita nirudi, akanisukumia daftari na kalamu.

"Umekuja, mwalimu," alisema, "basi andika."

Nikaandika tarehe na kijiji. Kwenye safu ya haja nilifikiri kidogo, kisha nikaandika: kutazama kama mko wazi.

Yeye akaweka alama kwenye safu ya waliohudumiwa.